Maneno mangapi kwa siku? Namna ya kupanga lengo la kuandika riwaya kwa siku 45

Mimi kazi yangu ni kuchapa na kutoa kopi. Kibanda changu kipo Nkuhungu, Dodoma, na swali ninaloulizwa kuliko yote si la bei. Ni hili: "Dada, imefika kurasa ngapi?" Mwanafunzi ameambiwa alete kurasa arobaini, anazo thelathini na moja, basi ananiomba nipanue nafasi za mistari na kukuza herufi kidogo. Nimeona ripoti zikinenepa mbele ya macho yangu bila kuongezwa hata neno moja.

Usiku, kibanda kikifungwa, naandika riwaya. Jaribio langu la kwanza la kuandika haraka nililifanya Novemba moja, nikafeli vibaya siku ya kumi na nne. La pili nilimaliza rasimu ya maneno karibu 40,000 kwa siku 45. Kati ya majaribio hayo mawili sikuwa nimepata kipaji kipya wala muda zaidi. Nilibadili namba tu. Mara ya kwanza nilitumia namba ya watu wengine. Mara ya pili niliitafuta ya kwangu. Mwongozo huu ni wa namna ya kuitafuta hiyo ya kwako.

Kwanza, hiyo 1,667 ilitoka wapi

Ukiuliza waandishi vijana waandike maneno mangapi kwa siku, wengi watakujibu 1,667. Mwaka 1999, eneo la San Francisco huko Marekani, Chris Baty na wenzake, jumla watu 21, walijipa mwezi mmoja kila mtu aandike riwaya ya maneno 50,000. Mwaka uliofuata zoezi likahamia Novemba, likaenea duniani kwa jina la NaNoWriMo. Shirika lililokuwa likiliendesha lilitangaza kufunga milango mwaka 2025, lakini hesabu yake bado inazunguka: 50,000 gawanya kwa siku 30, unapata 1,667.

Kwa Mswahili namba hiyo ina shida mbili.

Ya kwanza ni lugha. "Hatukumwambia" kwetu ni neno moja. Mwingereza anahitaji maneno matano kusema jambo hilohilo. "Nilipowaona" ni neno moja. Yeye anatumia manne. Kweli tunavyo vijineno vyetu vinavyoongeza hesabu, "ya", "wa", "la", "kwa", "na", kwa hiyo usidhani kila neno letu lina uzito wa manne yao. Hata hivyo, maneno elfu moja ya Kiswahili yanabeba mzigo mkubwa kuliko elfu moja ya Kiingereza. Ukijipangia 1,667 kwa Kiswahili umejibebesha gunia zito kuliko aliyelipima gunia hilo, kisha unajilaumu kwamba mgongo wako ni dhaifu.

Ya pili ni siku zenyewe. Kugawa kwa 30 maana yake umehesabu kila siku kuwa siku ya kazi. Hakuna Jumapili, hakuna msiba, hakuna mtoto kuumwa usiku, hakuna shangazi anayeshuka kwenye basi la Mvumi bila taarifa akiwa na kuku wawili.

Kuna watakaosema kuhesabu maneno ni kuua sanaa. Hao nawaambia wakamuulize mshairi yeyote. Utenzi unahesabiwa mizani, yaani silabi, nane kila kipande, tarbia (shairi la mistari minne kila ubeti) ya kawaida nane kwa nane, na mtu akizidisha mizani moja tu msikilizaji mzuri anakunja uso. Mathias Mnyampala, mtoto wa hapahapa Ugogo aliyezaliwa 1917, alikuwa mtumishi wa serikali na bado akaacha diwani na ngonjera zinazotajwa mpaka leo. Kwetu kuhesabu ni jadi. Tofauti ni kwamba mtunzi wa mashairi anahesabu ndani ya mstari, na sisi tunahesabu mwisho wa siku.

Hatua ya kwanza: amua kitabu kina ukubwa gani

Hii usiikawize. Kurasa za vitabu zinatofautiana, lakini ukichukua ukurasa wa maneno 300, riwaya ya maneno 40,000 ni kurasa kama 133. Hicho ni kitabu kamili ambacho mtu anaweza kukimaliza safarini na bado akakikumbuka. Kwa rasimu ya kwanza iliyoandikwa mbio, 40,000 zinatosha. Kama unaandikia shindano, kwa mfano Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, soma tangazo la mwaka huo kwanza, ona wanataka urefu gani na mwisho wa kupokea miswada ni lini, kisha rudi nyuma kwenye kalenda ukiacha angalau miezi miwili ya kusahihisha. Wengi wanahesabu siku za kuandika peke yake, halafu wanapeleka rasimu mbichi.

Hatua ya pili: jipime wiki moja bila lengo

Hapa ndipo watu huruka, na hapa ndipo namba yako ilipo. Kwa siku saba andika chochote cha riwaya yako, au hata barua ya mhusika wako kwa mama yake, kwa muda ule utakaoupata kweli. Usijisukume. Kila siku andika kwenye kijidaftari vitu vitatu: maneno mangapi, dakika ngapi, na saa ngapi ya siku.

Wiki yangu ilikuwa hivi: Jumatatu 410. Jumanne sifuri, kulikuwa na foleni ya wanafunzi kibandani mpaka saa tatu usiku. Jumatano 655. Alhamisi 520. Ijumaa 880. Jumamosi 130, nilikuwa kwenye kitchen party ya jirani. Jumapili 590.

Sasa usichukue siku bora. Kosa langu la Novemba lilikuwa hilo: niliwahi kuandika 2,100 siku moja ya sikukuu, nikaamua mimi ni mtu wa elfu mbili. Zipange namba zako kuanzia ndogo hadi kubwa: 0, 130, 410, 520, 590, 655, 880. Ya katikati ni 520. Hiyo ndiyo siku yako ya kawaida, siku isiyo na muujiza wala balaa.

Angalia na saa. Mimi niligundua kitu ambacho sikukitarajia. Nilijiona mtu wa usiku, kumbe usiku nilikuwa naandika maneno kama 300 kwa saa na mengi ni ya kufuta. Ijumaa ile ya 880 niliandika kuanzia saa kumi na moja alfajiri, dakika 75, adhana ikisikika na jogoo wa jirani wakijibizana. Usinakili saa yangu. Kijidaftari chako ndicho kitakachokwambia.

Hapa namkumbuka Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19. Alikuwa mtumishi wa Posta, kama majirani zangu wengi walivyo watumishi wa wizara hii na ile. Alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa imewekwa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa kabla hajaenda kazini. Alimlipa mtumishi wake pauni 5 za ziada kwa mwaka amwamshe kwa kahawa. Mimi sina wa kumlipa; nina simu ninayoiweka mbali na kitanda ili nilazimike kusimama kuizima. Ila usiige ile 250 kwa robo saa. Hiyo ni maneno elfu moja kwa saa, tena ya mtu aliyekwisha kuandika kwa mtindo huo miaka mingi. Mwingereza mwingine, Graham Greene wa karne ya 20, alijitosheleza na 500 kwa siku, na vitabu akaandika vya kutosha.

Hatua ya tatu: chagua siku 45 zako

Kwa nini 45? Siku 30 zinambana mtu mwenye kazi na familia. Miezi mitatu nayo ni mirefu. Hadithi inapoa, unasahau jina la dereva wa sura ya pili. Wiki sita na siku tatu ni muda ambao watu wa nyumbani wanaweza kukuvumilia.

Kalenda ya Dodoma ina matuta yake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Desemba hivi na kuishia Aprili, kwa hiyo mwenye shamba Bahi au Chamwino asijidanganye kwamba Desemba ataandika. Atakuwa anapanda, na baada ya hapo palizi. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni kuna Bunge la bajeti: mji unajaa, nyumba za wageni zinajaa, na mwenye mgahawa, bodaboda au steshenari hana usiku. Juni na Julai kwangu ni wanafunzi na tafiti zao. Muislamu aangalie Ramadhani inaangukia wapi: wapo wanaoandika vizuri baada ya daku, wapo ambao hawawezi kabisa.

Mimi nilianza Jumatatu ya kwanza baada ya Nanenane. Maonyesho ya Nzuguni yamekwisha, mavuno yameingia ndani, asubuhi bado kuna baridi kidogo na upepo wa vumbi unaokufanya upende kukaa ndani. Siku 45 kuanzia Jumatatu zina Jumapili sita. Ziondoe. Zinabaki 39. Toa nyingine tano za akiba. Zinabaki 34.

Hizo tano watu wananipigia kelele: "Si uvivu huo?" Katika siku zile 45 nilipata msiba mmoja wa mtaani, na msiba kwetu si wa kupitia dakika kumi na kuondoka, nikakosa umeme jioni mbili mfululizo, nikaumwa kichwa siku moja. Nne zilikwenda. Kama nisingezitenga, zingekuwa deni. Kwa kuwa nilizitenga, zilikuwa matumizi.

40,000 gawanya kwa 34 ni 1,176. Lakini usiandike namba hiyo ukutani bado.

Hatua ya nne: gawanya bila usawa

Riwaya haitembei kwa mwendo mmoja. Mwanzo unawatambulisha watu ambao na wewe bado huwajui, unaenda polepole. Kisha wanaanza kugombana, mwendo unakuja. Katikati kuna mahali mimi napaita tumbo la hadithi, ambapo unagundua kwamba ulijua mwanzo na unajua mwisho lakini hujui watu hawa wanafanya nini wakati huu wote. Mwisho ni mteremko. Unaandika mpaka vidole vinauma. Kwa hiyo mgawo wangu ulikuwa huu:

Wiki ya 1: maneno 800 kwa siku, siku sita. Jumla 4,800.
Wiki ya 2: 1,200 kwa siku. Jumla imefika 12,000.
Wiki ya 3: 1,200 kwa siku. Jumla 19,200.
Wiki ya 4, tumbo: 1,000 kwa siku. Jumla 25,200.
Wiki ya 5: 1,400 kwa siku. Jumla 33,600.
Siku nne za mwisho: 1,600 kwa siku. Jumla 40,000.

Utaniuliza: siku yako ya kawaida ilikuwa 520, hii 1,200 inatoka wapi? Inatoka kwenye vikao viwili. Ile 520 ilikuwa ya kikao kimoja, tena saa yoyote iliyopatikana. Nilipohamia alfajiri, kikao cha kwanza, saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili na robo, kilinipa kati ya 650 na 800. Kikao cha pili, baada ya kufunga kibanda, kilihitaji 400 au 500 tu. Kama kwako vikao viwili haviwezekani, usikaze shingo: ongeza siku. Mtu mwenye kikao kimoja cha 520 anamaliza maneno 40,000 kwa siku 77 za kazi, karibu miezi mitatu. Hiyo nayo ni haraka. Uliza walioko mwaka wa sita na sura ya tatu.

Na kama siku yako ya kati ni 200? Basi usianzie na riwaya. Andika hadithi fupi tatu kwanza, vidole vizoee. Sisemi kwa dharau. Mimi mwenyewe nilianza na visa vya kutuma kwa sehemu kwenye kikundi cha WhatsApp, vile vya "itaendelea kesho", na wasomaji wanaogombeza ukichelewa ni kocha mzuri kuliko wote.

Hatua ya tano: sakafu, lengo na dari

Lengo moja linakugawa mara mbili tu: umefaulu au umefeli. Ukiwa na 1,200 na saa nne usiku unazo 300, unajiambia "leo imeshaharibika" na kulala. Ndiyo maana nina namba tatu.

Sakafu ni maneno 200. Hizo ni kama ujumbe mrefu wa kumlalamikia mwenye nyumba. Unaweza kuziandika kwenye simu ukiwa umesimama foleni ya gesi. Sakafu haihusu kufika 40,000; inahusu kutotoka ndani ya hadithi. Siku moja bila kugusa hadithi, kesho yake unatumia nusu saa kukumbuka ulikuwa wapi. Siku tatu, wahusika wanakununia.

Lengo ni lile la mgawo wa wiki.

Dari ni mara moja na nusu ya lengo. Wiki ya 1,200, dari ni 1,800. Ukifika hapo, acha, hata kama maneno bado yanamiminika. Hili linawakera watu kuliko yote. Nilikataa kulifuata siku ya nane, nikaandika 3,050 kwa furaha kubwa. Siku ya tisa 90. Siku ya kumi 140. Gawanya hizo tatu uone kama nilipata faida: wastani ni 1,093, chini ya lengo, na juu yake usingizi niliupoteza. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani aliyekuwa akiandika idadi ya maneno yake kila siku kwenye chati, alisema pia kwamba huacha akiwa bado anajua kitakachofuata. Ukiacha ukiwa unajua, kesho unakaa na kuanza. Ukiacha umekauka, kesho unakaa na kuangalia ukuta.

Hatua ya sita: mistari mitatu ya kesho

Kabla ya kulala andika mistari mitatu: mtu yuko wapi, anataka nini, nini kinamzuia. Si zaidi. Huu ni mfano kutoka kijidaftari changu, siku ya kumi na mbili, kama ulivyo:

"Mzee yuko stoo, soko la Majengo, usiku. Anataka daftari la madeni. Mlinzi wa zamu ni mkwe wake, hawezi kumfokea wala kumsukuma."

Asubuhi nilikaa nikaandika 940 bila kuinua kichwa. Mstari wa tatu ndio ulionisaidia. Mzee anayetaka kuingia stoo na mlinzi wa kawaida wanapigana, sura imekwisha kwa maneno 300. Mzee na mkwe wake lazima waamkiane, waulizane habari za watoto, mmoja atoe visingizio vya kwenda msalani, mwingine ajifanye haoni. Heshima yetu ni ghala la maneno, na maneno hayo si ya kujazia.

Maana hatari kubwa ya kuhesabu ni kujazia. Unajua lengo limebaki 150, basi mhusika anaanza kuoga. Tazama:

"Aliamka asubuhi, akanawa uso, akapiga mswaki, akavaa shati, akanywa chai."

Maneno kumi. Hayana dhambi, ila hakuna lililotokea. Sasa hii:

"Alipoamka, kufuli la duka lake lilikuwa mlangoni pa nyumba, limekatwa."

Nayo ni maneno kumi. Hesabu inaziona sawa, msomaji hazioni sawa. Ukijikuta unajazia, rudi kwenye mstari wa tatu, "nini kinamzuia", uongeze kizuizi. Na kama umekwama kabisa, wafanye watu wawili wa hadithi waongee kuhusu deni. Sijui kwa nini, lakini deni halijawahi kuninyima maneno.

Hatua ya saba: hesabu mara moja, kwa njia moja

Kwenye kompyuta, Word inakuonyesha idadi chini kushoto. Mimi naificha, nafungua mwisho wa kikao tu. Kuangalia namba kila sentensi ni kama kufunua sufuria ya wali kila dakika, hauivi. Kwenye simu, WPS na Google Docs zote zinahesabu. Usihesabu kwa programu mbili tofauti, zinaweza kutofautiana kidogo na utaanza kugombana na maneno kumi na tatu.

Anayeandika kwa mkono kwenye kaunta buku asihesabu neno moja moja. Chukua mistari kumi iliyojaa, hesabu maneno yote, gawanya kwa kumi. Mkono wangu unatoa maneno tisa kwa mstari. Ukurasa wa mistari 30 ni 270. Wiki ya 1,200 maana yake kurasa nne na nusu kwa siku. Weka klipu kwenye ukurasa wa kuishia kabla hujaanza, uone unavyoikaribia. Kuna raha yake.

Usihesabu mipango, usihesabu vile vya kwenye mabano kama [ulizia nauli ya treni ya Dar], na usitoe maneno uliyofuta leo. Ulichoandika ni kazi uliyofanya. Kila kikao kikiisha, jitumie rasimu kwenye barua pepe yako. Simu zinaibiwa, flashi zinashika virusi. Mimi kibandani kila wiki napokea mtu mwenye machozi na flashi isiyofunguka.

Na usisahihishe. Ukiona jina limebadilika kutoka Mazengo kuwa Mazoya, weka alama ya nyota na uendelee. Fyodor Dostoyevsky, mwandishi wa Urusi, alibanwa na mkataba wa mchapishaji mwaka 1866, akamwita msichana mwandishi wa hati mkato, Anna Snitkina, akamsimulia riwaya nzima kwa siku 26 hivi. Mtu anayesimulia kwa sauti hana nafasi ya kurudi nyuma kupamba sentensi ya kwanza. (Anna akaja kuwa mke wake, lakini hilo sikuahidi.) Wewe una simu: kibodi ya Google inaandika Kiswahili unachokitamka. Nilijaribu nikitembea asubuhi njia ya Chang'ombe. Alama za uakifishi ni fujo na majina ya Kigogo inayageuza vichekesho, lakini mazungumzo ya wahusika yalitoka hai kuliko ninapochapa.

Hatua ya nane: ukichelewa, usilipe deni lote

Narudi Novemba ile. Siku ya tisa nilitakiwa kuwa na 15,003. Nilikuwa na 8,400. Nikafanya kile kila mtu anachofanya: nikagawa upya. Zimebaki 41,600 kwa siku 21, basi 1,981 kila siku. Mtu aliyeshindwa 1,667 amejipangia 1,981! Siku ya kumi na nne nilikuwa na 10,100, na hesabu ikawa 2,494 kwa siku. Nikafunga faili, sikulifungua mpaka Pasaka.

Waliokaa kwenye vikoba wanajua mchezo huu. Mwanachama aliyeshindwa hisa za wiki tatu ukimwambia alete zote Jumamosi hii pamoja na faini, hutamuona tena, wala yeye wala hisa. Ukimpangia kidogo kidogo, analipa. Kwa hiyo:

Deni la siku moja, lisamehe. Endelea na lengo la leo kana kwamba jana haikuwepo. Siku za akiba ziko kwa ajili hiyo.

Deni likizidi maneno 2,000, ongeza 150 kwa siku, si zaidi, na tumia siku moja ya akiba.

Deni likizidi 5,000, acha kupunguza usingizi, punguza hadithi. Chukua orodha ya sura zilizobaki uulize ipi ikiondoka hakuna atakayeitafuta. Kwangu ilikuwa safari ya Kondoa. Nilitaka mhusika aende akaone michoro ya mapangoni Kolo, kwa sababu mimi niliwahi kwenda na ilinigusa. Yeye hakuwa na sababu yoyote ya kwenda. Nikaikata, maneno 3,500 ya mpango yakaondoka, na kitabu kikapumua. Nilimaliza na 38,200 nikaongeza zilizopungua wakati wa kusahihisha.

Ukifika 40,000

Siku ukimaliza, chapa nakala moja ya karatasi. Ndiyo, ni biashara yangu, lakini sababu ni nyingine: kwenye kioo utaendelea kuandika, kwenye karatasi utasoma. Iweke mahali, uiache wiki tatu.

Ukirudi, lengo la maneno halifai tena. Siku nzuri ya kusahihisha inaweza kuwa siku ya kutoa maneno 600, na kijidaftari chako kikiendelea kudai nyongeza kitakulazimisha kuyarudisha. Badilisha kipimo: kurasa kumi kwa siku za kusoma na kuweka alama, kisha kurasa nne au tano kwa siku za kuandika upya. Kurasa 133 kwa kumi kumi ni wiki mbili na kitu. Anza na zile nyota ulizoacha, Mazengo au Mazoya, maana ni rahisi na zinakupa joto. Halafu sura ya kwanza yote, ambayo karibu kila mara itabidi iandikwe upya kuanzia neno la kwanza, kwa sababu uliiandika kabla hujawafahamu watu hawa. Yangu ilianza na mzee akinywa chai. Sasa inaanza na kufuli.